Mwamba Ngoma: Uhakiki wa Mchezo wa Redio na Hadithi ya Hofu Yake

Zipo kazi za sanaa zijulikanazo kwa sifa zake zenyewe, na zipo zijulikanazo kwa hadithi iliyosimuliwa juu yake. Mchezo wa redio uitwao The War of the Worlds, yaani vita baina ya ulimwengu na ulimwengu, uliochezwa mjini New York usiku wa Jumapili, tarehe 30 Oktoba 1938, ni wa namna hii ya pili. Wengi waliokwisha kusikia habari zake hawakupata kuusikia wenyewe. Wajualo ni neno moja tu: kwamba Wamarekani walidhani kuwa viumbe wa sayari ya Mirihi wameteremka duniani, wakatoka majumbani mbio kwa maelfu, wakajaza barabara kwa magari na makanisa kwa sala. Habari hii imefundishwa madarasani na kurudiwa vitabuni kila palipotakiwa mfano wa nguvu za redio juu ya akili za watu. Makala haya yana kazi mbili: kuupima mchezo kama sanaa, na kuipima hadithi ya hofu kama habari. Kazi ya pili ndiyo nzito zaidi, maana ikiwa mchezo uliwadanganya baadhi ya watu kwa saa moja, hadithi yake iliwadanganya wengi kwa zaidi ya miaka sabini.

Asili ya mchezo ni kitabu cha Mwingereza H. G. Wells kilichotolewa mwaka 1898. Katika kitabu hicho viumbe wa Mirihi wanaangukia kusini ya Uingereza, karibu na mji wa Woking, na kuyashinda majeshi yote, mpaka wanapouawa na vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Miaka arobaini baadaye kundi la waigizaji la Mercury, chini ya uongozi wa Orson Welles, kijana wa miaka 23, lilikichukua kitabu hicho kwa ajili ya kipindi chake cha kila juma katika shirika la redio la CBS. Aliyekigeuza kuwa mchezo alikuwa Howard Koch. Mahali palihamishwa kutoka Uingereza hadi Grover's Mill, kijiji cha kweli katika jimbo la New Jersey. Lakini badiliko hilo la mahali lilikuwa dogo likilinganishwa na badiliko la umbo. Katika kitabu mtu mmoja anasimulia mambo yaliyokwisha kupita. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba msimulizi ameokoka, na kwamba dunia ingalipo. Katika mchezo sehemu kubwa ya mambo haisimuliwi kabisa, hutangazwa. Mambo hutokea sasa, na wala mtangazaji hajui yatakayofuata.

Namna hii ilitengenezwa kwa ustadi mkubwa. Baada ya maneno ya kufungulia, msikilizaji anapewa hali ya hewa, kisha muziki wa dansi kutoka hotelini. Muziki unakatizwa na taarifa fupi kwamba moto umeonekana katika sayari ya Mirihi. Muziki unarudi. Unakatizwa tena. Mtaalamu wa nyota anaulizwa maswali, naye anajibu kwa utulivu wa mtu asiyetaka kuonekana mjinga. Kisha kitu kidhaniwacho kuwa kimondo kinaanguka shambani, na mtangazaji Carl Phillips anatumwa kwenda kukitazama. Ubora wa sehemu hii ni kwamba haina haraka. Muziki ule wa kuchosha ndio unaojenga hofu, kwa sababu msikilizaji anaanza kuutilia shaka kila unaporudi. Muigizaji Frank Readick, aliyeigiza sauti ya Phillips, alijizoeza kwa kusikiliza sauti iliyonaswa ya mtangazaji Herbert Morrison, ambaye mwezi Mei 1937 alikuwa akieleza kutua kwa ndege kubwa ya Hindenburg huko huko New Jersey ilipowaka moto mbele ya macho yake. Kwa hiyo kilio kilichosikika katika mchezo kilikuwa mwigo wa kilio cha kweli. Phillips anasema mwali wa moto unaelekea upande wake, na sauti yake inakatika katikati ya neno. Inafuata kimya kitupu cha sekunde chache. Hapana kelele yoyote katika mchezo huu iwezayo kulingana na kimya kile, kwa kuwa redio haina uso, inaponyamaza, imekufa.

Hata hivyo sifa hizi zisifiche kasoro. Kwanza, hesabu ya wakati haisimami. Katika muda usiozidi dakika arobaini viumbe wanaondoka katika sayari yao, wanafika, majeshi yanakusanywa na kuteketezwa, na mji wa New York unaangamizwa. Pili, theluthi ya mwisho inarudia usimulizi wa kitabu: profesa aliyeokoka anatembea peke yake akiwaza kwa maneno marefu, na mchezo unalegea kama kamba iliyokatwa. Tatu, sauti ya waziri mmoja wa serikali ilitengenezwa ifanane na sauti ya Rais Roosevelt, ambayo kila Mmarekani aliijua. Kasoro ya kwanza na ya pili ni za sanaa. Ya tatu ni ya adabu, kwa sababu kuazima sauti ya mtu aaminiwaye ni kuazima imani ambayo mwazimaji hakuichuma.

Hapa ndipo uhakiki unapofika kwenye swali la umbo, na katika swali hili fasihi simulizi ya Waswahili ina neno la kufundisha. Katika ngano za Waswahili msimulizi hasemi neno la kwanza la hadithi mpaka apate idhini. Husema "Paukwa", nao wasikilizaji hujibu "Pakawa". Au huita "Hadithi, hadithi", naye hujibiwa "Hadithi njoo". Maneno hayo si pambo. Ni mlango. Aliyeitikia amekubali kwa hiari yake kwamba sungura atasema na fisi atadanganywa, na kwamba hayo hayatadaiwa ushahidi kesho yake sokoni. Akija mtu amechelewa, akasimama kizani nje ya duara, akasikia kwamba nyumba ya fulani inaungua, huyo anaweza kukimbia kutafuta maji. Wala hatakuwa mjinga, kwa sababu hakupita mlangoni.

Mchezo wa Welles ulikuwa na mlango. Jina la mchezo na la mtungaji lilitajwa mwanzoni, likatajwa tena katika mapumziko ya katikati, na mwishoni Welles mwenyewe alieleza kuwa yote yalikuwa mzaha wa sikukuu ya Halloween. Lakini redio ni nyumba isiyo na kuta, na mtu huingia upande wowote kwa kuzungusha kitufe. Saa ile ile kituo kingine kilikuwa na kipindi kilichopendwa mno cha Edgar Bergen, bingwa wa kuisemesha sanamu bila ya kufungua midomo. Na waliohama kutoka huko waliukuta mchezo wa Welles umekwisha kuanza. Tena, mwezi mmoja tu kabla yake, mnamo Septemba 1938, taarifa za mkasa wa Munich zilikuwa zikikatiza muziki usiku na mchana, na Wamarekani walizoea kwamba muziki ukikatizwa, jambo zito limetokea Ulaya. Ndiyo sababu miongoni mwa walioamini walikuwamo waliodhani kwamba waliovamia ni Wajerumani. Watu hawa hawakuamini habari za Mirihi. Waliamini umbo la taarifa. Wala hila hiyo haikuwa mpya: mwezi Januari 1926 padri Ronald Knox alikuwa amekwisha kuwatia wasiwasi baadhi ya wasikilizaji wa BBC kwa mchezo wa kuchekesha, ulioigiza taarifa za ghasia mjini London.

Basi wapo waliohofu. Kukana hivyo ni kukana kweli. Swali ni wangapi, na walifanya nini. Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba gazeti la New York Times lilichapa katika ukurasa wake wa kwanza kwamba wasikilizaji walishikwa na kiherehere kwa kudhani mchezo wa vita ni kweli. Magazeti mengine yalifuata, na katika majuma yaliyofuata habari zilizoandikwa juu ya jambo hili zilikadiriwa kufika 12,500. Lakini usiku ule ule wa mchezo kampuni ya C. E. Hooper, iliyokuwa na kazi ya kupima idadi ya wasikilizaji, ilikuwa ikipiga simu katika nyumba 5,000 kuuliza watu wanasikiliza nini. Walioutaja mchezo wa Welles walikuwa asilimia 2 tu, na hapana hata mmoja aliyejibu kwamba anasikiliza taarifa ya habari. Hakuna kifo kilichothibitishwa kuwa kilisababishwa na mchezo huo. Ni kweli kwamba simu za polisi, hasa mjini Trenton, zililia bila ya kupumzika. Lakini mtu apigaye simu polisi kuuliza kama asikiayo ni kweli hajashikwa na wazimu, anachunguza. Magazeti yaliihesabu busara yake kuwa hofu, na maswali yake yakawa ushahidi dhidi yake.

Kwa nini ikawa hivyo? Waswahili wana methali isemayo: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Katika miaka ya 1930, miaka ya dhiki ya biashara, redio ilikuwa ikiyanyang'anya magazeti ya Marekani fedha za matangazo na kuwahi kutoa habari kabla wino haujakauka. Magazeti yalipopata nafasi ya kuonyesha kwamba redio ni mtoto asiyestahili kuachiwa moto, hayakuiacha. Haimaanishi kwamba waandishi wote walikaa barazani wakapanga uongo. Yumkini wengi walikuwa usiku ule na vipande vya habari kutoka miji ya mbali, muda mfupi wa kuvichapa, na tamaa ya kawaida ya kichwa cha habari kizuri. Lakini ngozi ya ngoma haiulizi kama avutaye ana nia mbaya. Inakwenda inakovutwa.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba baada ya magazeti wataalamu nao walishika ngozi hiyo hiyo. Mwaka 1940 Hadley Cantril, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa kitabu chake The Invasion from Mars. Ni kitabu chenye mambo mengi ya thamani. Ndani yake mna mfano usiosahaulika wa watu wawili waliotaka kuhakikisha habari kwa kutazama dirishani. Mmoja aliona magari mengi, akasema watu wanakimbia. Mwingine hakuona gari hata moja, akasema njia zimekwisha kuharibiwa. Kila mmoja alitazama kwa macho yake, na kila mmoja alipata ushahidi wa alilokwisha kuliamini. Methali isemayo "mwenye macho haambiwi tazama" inapungukiwa mbele ya madirisha haya mawili, kwa kuwa macho yanaweza kutumwa na moyo yakaleta alichokiagiza.

Lakini Cantril alikadiria kwamba watu wasiopungua milioni 6 waliusikia mchezo, na kwamba wasiopungua milioni 1 walitishika au walifadhaika. Makadirio hayo yalitegemea sana maswali yaliyoulizwa majuma sita baadaye, wakati kila mtu alikuwa amekwisha kusoma magazeti, na kukumbuka kwamba ulikuwapo kumekuwa fahari. Tena mtu aliyesema kwamba alifadhaika kidogo alihesabiwa pamoja na yule aliyetoka mbio. Mazungumzo marefu yaliyojaza kitabu yalifanywa na watu 135, karibu wote wakazi wa New Jersey, na zaidi ya 100 kati yao walichaguliwa kwa sababu ilijulikana kwamba walihofu. Atakaye kujua ni wagonjwa wangapi walio katika mji, akaenda kuwahesabu hospitalini, atarudi na jibu kubwa. Kosa hili halikufichwa. Limeandikwa katika kitabu chenyewe kwa uaminifu. Waliokirudia kitabu ndio walioziacha tahadhari zake na kubakiza hesabu.

Iliwachukua wachunguzi muda mrefu kulirekebisha jambo hili. Mwaka 2013 Jefferson Pooley na Michael Socolow walizikusanya hoja dhidi ya hadithi ya hofu kuu, na mwaka 2015 A. Brad Schwartz alitoa kitabu kilichotokana na barua nyingi ambazo wasikilizaji walimwandikia Welles baada ya mchezo. Wengi wa walioandika hawakuwa wametishika. Wengine walimsifu, wengine walimkaripia, na wengine, wasiopata hofu yoyote wenyewe, walihuzunika kwamba nchi yao imejaa wapumbavu waliosomwa habari zao gazetini.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo. Hadithi ya hofu ilipendwa kwa sababu kila aliyeisoma alijiweka nje yake. Waliodanganyika ni wengine: wasiosoma, wanawake wa jikoni, watu wa shamba. Msomaji wa gazeti alicheka, mwanafunzi alicheka, mwalimu alicheka. Na wote, wakati huo huo wa kucheka, walikuwa wakiamini habari wasiyoichunguza, iliyoletwa kwao na mtu mwenye faida ndani yake. Welles alipata umaarufu, na kipindi chake kikapata kampuni ya supu ya kukigharamia. Magazeti yalipata hoja, na wataalamu wakapata mfano. Kila mmoja aliondoka na kipande cha ngozi, na aliyebaki mtupu ni msikilizaji wa kawaida, aliyeondoka na jina la mjinga. Jina hilo si dogo. Watu wakikubaliwa kuwa wajinga, hupatikana upesi mtu wa kujitolea kuwachagulia wanalopaswa kusikia.

Haki inadai pia upande wa pili. Tarehe 12 Februari 1949 kituo cha Radio Quito katika nchi ya Ecuador kilicheza mchezo uliotokana na kitabu hicho hicho, kwa majina ya mahali pa huko na kwa sauti zilizoigiza za wakubwa wa serikali. Huko watu walitoka njiani kweli. Walipoambiwa kwamba ni mchezo tu, hofu iligeuka ghadhabu. Wakalitia moto jumba la gazeti la El Comercio, lililokuwa makao ya kituo hicho, na watu kadhaa wakafa. Kwa hiyo haifai kusema kwamba sauti ya redio haina madhara. Lakini mpangilio wa mambo utazamwe vizuri: moto wa Quito haukuwashwa na walioamini. Uliwashwa na waliojua kwamba wamedanganywa. Imani iliyoazimwa kwa hila ilidaiwa usiku ule ule, pamoja na riba.

Tena hadithi ya usiku mmoja wa hofu ina hatari nyingine: inamfundisha mtu kuogopa kisichostahili kuogopwa zaidi. Kituo cha RTLM cha Rwanda, kilichotangaza tangu Julai 1993 hadi Julai 1994, hakikutegemea mshtuko wa ghafula. Kilicheza nyimbo zilizopendwa, kilifanya mzaha, kilizungumza lugha ya barabarani, na katikati ya hayo kiliwaita binadamu mende, siku baada ya siku, mpaka neno likazoeleka. Na mauaji yalipoanza mwezi Aprili 1994 kikataja watu na mahali. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake. Atafutaye mfano wa redio iliyoua asiende Grover's Mill. Sauti iliyoua haikukatiza muziki. Ilikuwa imo ndani ya muziki.

Siku hizi mlango wa hadithi umezidi kupotea. Habari humfikia mtu katika simu yake ya mkononi bila ya mwanzo wala mwisho, imepokewa kwa ndugu ambaye naye aliipokea kwa mwingine. Sauti ni ya mtu wa nyumbani. Maneno ni ya mtu asiyejulikana. Mtandao wa WhatsApp wenyewe ulianza mwaka 2018 kuitia alama habari iliyopelekwa mbele. Mwaka 2019 ukazuia isipelekwe zaidi ya mara tano kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2020 ukazidi kuibana ile iliyokwisha kupita mikono mingi. Hatua hizo zapunguza mwendo, lakini haziwezi kujibu swali la mwamba ngoma. Waswahili pia husema "lisemwalo lipo, na kama halipo laja", na methali hii hutajwa sana na wapendao uvumi. Lakini hata yenyewe haikusema lisemwalo ni kweli, imesema lipo. Hofu ya mwaka 1938 ilikuwapo. Haikuwa na ukubwa iliopewa.

Kwa hiyo elimu ya kuzipima habari, kama itafundishwa katika shule, isianze kwa kuwaonyesha wanafunzi wajinga wa zamani ili wawacheke. Ianze kwa habari ambayo darasa zima, na mwalimu pamoja nalo, linaiamini bila ya shaka. Iulizwe imetoka wapi, mlango wake ulikuwa upi, nani aliyewamba ngozi yake, na nani waliohesabiwa katika hesabu yake. Mchezo wa Welles wafaa sana kwa somo hilo. Usikilizwe kwanza, wote, kwa saa yake moja, pamoja na kimya chake. Kisha lisomwe gazeti la kesho yake, na wanafunzi waambiwe wakipime kila kimoja kwa kipimo kile kile.